SRD 5.2.1 kwa meza za Lubumbashi: kanuni mpya za kutegua uchawi zinafaa?

Tunachokipima hapa hakiuzwi. Ni System Reference Document 5.2.1, faili la PDF lenye kanuni za msingi za mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons za mwaka 2024, ambalo Wizards of the Coast waliliachia mwaka 2025 kwa leseni ya Creative Commons Attribution 4.0. Unaruhusiwa kulipakua, kulichapa, kulipiga kopi, hata kulitafsiri na kuuza tafsiri yako, mradi useme lilikotoka. Lina kurasa zaidi ya 350. Lipo kwa Kifaransa pia, na kwa meza nyingi za Lubumbashi, yaani vikundi vya wachezaji, hilo ndilo la maana kuliko yote: vipimo viko kwa mita, na maneno ni yale ambayo mtu aliyesoma hapa anayaelewa bila kufungua kamusi.

Hatulipimi lote. Tunapima sehemu moja inayozusha ubishi kila mara, yaani uchawi unaotegua uchawi mwingine. Imebadilika sana tangu toleo la 5.1, ambalo nalo lina leseni hiyohiyo tangu Januari 2023, na zipo meza zinazochanganya matoleo mawili bila kujua. Mmoja ana 5.1 kwenye telefone, mwenzake amechapa 5.2.1, na pambano likipamba moto kila mtu anasoma Contresort yake, yaani uchawi wa kuzuia uchawi wa mwingine unapotolewa. Majina ya uchawi tunayaacha kwa Kifaransa kama yalivyo kwenye faili, ili uyatafute kirahisi.

Tunalisema mapema: Contresort mpya ni bora kuliko ya zamani, na tungeishauri kwa kila meza inayoanza leo. Lakini faili linanyamaza pale ambapo MJ, yaani msimamizi wa mchezo (maître du jeu), anahitaji msaada zaidi, na meza isipoziba pengo hilo kabla ya kucheza, ubishi utabaki uleule.

Contresort ni uchawi wa ngazi ya 3. Hautolewi kwa zamu yako. Unautoa kwa mwitikio, lile tendo moja la haraka ambalo kila mhusika analo mpaka zamu yake irudi. Sharti ni kwamba umwone mtu akitoa uchawi, awe ndani ya mita 18, na uchawi wake uwe na kitu cha kuonekana au kusikika: maneno, ishara ya mkono au kifaa. Kwenye ramani ya miraba ya mita 1.5, mita 18 ni miraba 12. Ihesabuni kweli, msikadirie kwa jicho. Boule de feu, uchawi wa mpira wa moto, inafika mita 45, kwa hiyo adui anayejua kazi yake atasimama mraba wa 13 na kuendelea, na Contresort yako haitamgusa. Ukungu mzito, giza au kona ya ukuta vinafanya kazi hiyohiyo: usipomwona, huna cha kujibu.

Kwa kanuni ya 5.1, uchawi wa ngazi ya 3 kushuka chini uliteguka wenyewe, bila dadu. Wa ngazi ya 4 na kuendelea ulimtaka mteguaji arushe dadu ya pande 20, aongeze nyongeza ya kipaji chake cha uchawi, afikie 10 pamoja na ngazi ya uchawi ule. Kila mtoa uchawi ana nafasi kadhaa za uchawi za kila ngazi, na akitoa uchawi anatumia moja. Aliyekuwa na nafasi kubwa aliweza kuitumia na kuruka dadu kabisa: nafasi ya ngazi ya 5 inategua kila kitu mpaka ngazi ya 5. Aliyeteguliwa alipoteza tendo lake na nafasi yake ya uchawi. Matokeo yalikuwa mabaya kwa mchezaji: amengoja raundi nzima, ametoa Boule de feu, MJ anasema «imeteguliwa», hakuna dadu iliyorushwa na nafasi imekwenda.

5.2.1 imeigeuza. Sasa anayetoa uchawi ndiye anayerusha dadu ya kujiokoa, kwa uimara wa mwili wake, yaani Constitution. Akishinda, uchawi wake unapita. Akishindwa, unapotea na tendo alilolitumia limekwisha, lakini kama aliutoa kwa nafasi ya uchawi, nafasi hiyo anabaki nayo. Na kuitoa Contresort kwa nafasi kubwa hakukuongezei kitu. Ngazi ya 3 inatosha, hata mbele ya uchawi wa ngazi ya 9.

Tuone hesabu, maana hapo ndipo tofauti inapoonekana. Majisiani (magicien) wa daraja la 5 (daraja ni la mhusika, ngazi ni ya uchawi) mwenye Akili 18 ana kizingiti cha 8 + 3 ya ustadi + 4 ya Akili, yaani adui afikie 15. Majisiani adui aliyemo kwenye faili lenyewe hana nyongeza yoyote ya Constitution, kwa hiyo anahitaji 15 au zaidi kwenye dadu: anaponyoka kwa asilimia 30, unamtegua kwa 70. Mwenye nyongeza ya 3 anaponyoka kwa 45. Ensorceleur, mtoa uchawi wa kuzaliwa nao, ana ustadi wa kujiokoa kwa Constitution tangu daraja la kwanza. Akiwa wa daraja la 5 na Constitution 16, nyongeza yake ni 6, na anaponyoka kwa asilimia 60. Sasa nenda juu. Majisiani wa daraja la 17 mwenye Akili 20 akitaka kutegua uchawi wa ngazi ya 9 kwa nafasi ya ngazi ya 3, kanuni ya zamani ilimpa asilimia 35. Kanuni mpya inampa kizingiti cha 19, na adui mwenye nyongeza ya 3 anashindwa kwa asilimia 75.

Kwa hiyo usimsikilize anayesema Contresort imedhoofishwa. Imedhoofishwa mbele ya uchawi mdogo, na imenolewa mbele ya uchawi mkubwa. Jambo la kubadilisha ni mazoea: zamani ulitunza nafasi zako kubwa kwa ajili ya Contresort, sasa tunza nafasi kadhaa za ngazi ya 3 na ziache zile kubwa zifanye kazi nyingine.

Yapo mambo matatu ambayo hayajaandikwa kwenye maelezo ya Contresort yenyewe, ila yanatokana na kanuni za kurasa nyingine, na ndiyo tunayoona yakiwapita watu.

La kwanza ni Résistance légendaire. Majoka makubwa na viumbe kama lich, mchawi aliyekufa lakini bado anatenda, wana haki ya kuamua kwamba wameshinda dadu ya kujiokoa waliyoshindwa, mara chache kwa siku. Zamani dadu ilikuwa ya mteguaji, kwa hiyo haki hiyo haikuwa na la kusema. Sasa inaingia. Usikate tamaa kwa hilo: umetumia nafasi moja ya ngazi ya 3 na mwitikio, naye ametumia mojawapo ya kinga zake chache. Hiyo ni biashara nzuri kwa kundi, hasa kama mwenzako ana uchawi mzito unaongoja kinga hizo ziishe.

La pili: kurudishiwa nafasi kunamhusu tu aliyetumia nafasi. Maadui wengi kwenye faili hili hawana nafasi kabisa. Wana uchawi ulioandikwa «1 kwa siku» au «2 kwa siku». Ukisoma maandishi kama yalivyo, adui akiteguliwa anapoteza hesabu yake ya siku, wakati mchezaji anabaki na nafasi yake. Wapo MJ wanaoona hilo si haki na wanamrudishia adui. Sisi tungeacha kama lilivyoandikwa. Adui anaishi raundi chache tu, kinachomuuma ni tendo lililopotea, na mchezaji anayebeba mhusika mmoja mwaka mzima ndiye anayestahili huruma. Kumbuka pia kwamba mashambulizi ya kichawi ya maadui hao, yale yaliyoandikwa kama shambulio na kurushiwa dadu ya kugonga, si uchawi wa kutolewa. Huwezi kuyategua, kama usivyoweza kutegua pumzi ya joka.

La tatu linauma zaidi. 5.2.1 inasema kwamba ndani ya zamu moja mtu anatumia nafasi moja tu ya uchawi. Ukitoa Boule de feu kwa zamu yako na adui akainua mkono kwa Contresort, huwezi kuijibu kwa Contresort yako mwenyewe, kwa sababu nafasi ya zamu hiyo umeshaitumia. Mwenzako anaweza. Ndiyo maana mwenye Contresort peke yake kundini anaweza kuzuia uchawi wa adui lakini hawezi kulinda wa kwake. Kundi linahitaji watu wawili. Majisiani adui yeye anaitoa Contresort kwa hesabu yake ya mara 3 kwa siku bila nafasi, kwa hiyo sheria hiyo haimfungi. Kinachomfunga ni kuwa na mwitikio mmoja tu kwa raundi.

Contresort zikifuatana, anzeni kutatua ile ya mwisho. A anatoa uchawi, B anautegua, C anamtegua B: C kwanza anamlazimisha B kurusha dadu ya kujiokoa. B akishindwa, Contresort yake imepotea, uchawi wa A unapita bila A kurusha chochote. B akishinda, ndipo A anarusha. Inaruhusiwa kwa sababu Contresort ina ishara ya mkono, kwa hiyo nayo inaonekana. Ensorceleur aliyejifunza kutoa uchawi kimyakimya kwa pointi 1 anaepuka yote haya: uchawi wake ukiwa hauna maneno, ishara wala kifaa cha kuonekana, sharti la Contresort halitimii, isipokuwa kifaa kiwe chenye bei au cha kuteketea.

Sasa pengo. Faili halisemi mteguaji anajua nini wakati anaamua. Je, anaambiwa «anatoa Boule de feu ya ngazi ya 5», au anaambiwa tu «anatoa uchawi»? Jibu linabadilisha kila kitu. Akijua jina, hatapoteza nafasi kwa uchawi wa kuwasha taa. Asipojua, adui mjanja atamtoa mwitikio kwa kitu kidogo, kisha mwenzake apige kikubwa. Kitabu cha ziada cha mwaka 2017 kilipendekeza kuutambua uchawi kwa mwitikio, kwa kizingiti cha 15 pamoja na ngazi yake. Lakini mwitikio ni mmoja, kwa hiyo anayetambua hawezi kutegua tena, labda ampigie mwenzake kelele.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu, na uwe sawa kwa pande zote mbili. Anayetoa uchawi, awe MJ au mchezaji, anasema kwanza «natoa uchawi» na kutaja kinachoonekana: maneno, mkono, kifaa. Ananyamaza kidogo, kadiri ya kuhesabu mpaka tatu. Anayetaka kutegua anasema sasa hivi. Baada ya hapo jina linatajwa na hakuna kurudi nyuma. Ruhusa moja tu: kama uchawi huo mteguaji mwenyewe anao kwenye orodha yake aliyoiandaa, MJ amwambie jina bila dadu, kwa sababu mtu anaitambua kazi anayoifanya kila siku. Wachezaji wengi husahau kunyamaza, wanasema «napiga Boule de feu, mita 6 kuzunguka, dadu 8» kwa pumzi moja, halafu MJ ambaye tayari amesikia kila kitu anaamua kutegua. Hapo MJ ajizuie. Aamue kwa kile ambacho adui angekiona.

Kila mtu awe na karata moja ya mwitikio mbele yake: uso juu ikiwa ipo, uso chini ikiwa imetumika, na inageuzwa zamu yake inapoanza. Nafasi za uchawi zihesabiwe kwa vizibo vya sukre (soda), ngazi moja kwa kila rangi. Kizibo kinasogezwa katikati ya meza uchawi unapotangazwa, na kinaondoka tu ukipita. Ukiteguliwa, kinarudi kwa mwenyewe. Hapo hakuna atakayesahau kanuni ya kurudishiwa nafasi.

Dissipation de la magie haikuguswa sana. Nayo ni ya ngazi ya 3, lakini ni tendo la zamu yako, inafika mita 36, na haizuii uchawi unaotolewa. Inamaliza ule ambao tayari unafanya kazi. Unachagua kiumbe, kitu au athari moja ya kichawi. Kila uchawi wa ngazi ya 3 kushuka chini ulioko juu yake unakwisha. Wa ngazi ya 4 na zaidi unarushiwa dadu dhidi ya 10 pamoja na ngazi, ukiongeza kipaji tu, bila ustadi. Kwa Akili 18, uchawi wa ngazi ya 5 ni asilimia 50 kamili. Hapa nafasi kubwa bado ina maana: itoe kwa ngazi ya 5 na unakwisha bila dadu.

Makosa ni ya aina moja: kulenga vibaya. Neno «kila» lina meno. Ukimlenga mwenzako aliyerogwa, unamvua na kinga zote za ngazi ya 3 kushuka chini ambazo kundi lilimvisha. Ukimlenga majisiani aliyesimamisha ukuta wa kichawi, ukuta unabaki, kwa sababu uchawi uko kwenye ukuta, hauko juu yake, lenga ukuta. Na Mur de force (ukuta wa nguvu) hata ukiulenga haukubali: imeandikwa wazi kwamba Dissipation haiutegui, unavunjwa na Désintégration. Njia rahisi ya kuushinda ni Contresort wakati unatolewa. Baada ya hapo umechelewa.

Uchawi wa mara moja nao hauteguliwi, kwa kuwa umeshakwisha. Majeraha ya Boule de feu ni majeraha. Mifupa iliyoinuliwa kwa Animation des morts inasimama kwa nguvu yake, Dissipation haiangushi. Upanga wa kichawi unabaki wa kichawi. Lakini kuna shabaha moja ambayo tungeitafuta kila pambano: adui aliyepewa Hâte, uchawi wa kuongeza kasi. Ni ya ngazi ya 3, kwa hiyo inakwisha bila dadu, na Hâte ikikwisha aliyekuwa nayo anabaki amelegea, hasogei wala hatendi mpaka mwisho wa zamu yake inayofuata. Tendo lako moja limemnyang'anya kasi na zamu nzima.

Champ antimagie, ngazi ya 8, ni jambo jingine. Ndani ya mita 3 kumzunguka aliyeutoa, uchawi unazimwa kwa muda tu. Saa inaendelea kuhesabu. Ukitoka nje kabla muda haujaisha, uchawi unawaka tena. Dissipation haiuondoi, na unahitaji umakini wa aliyeutoa, kwa hiyo dawa yake ni kumpiga kwa upanga wa kawaida mpaka umakini uvunjike. Ni mzuri, ila kundi lenye watoa uchawi wengi linajifunga lenyewe.

Kuhusu faili kama kitu cha kutumia: kwenye telefone linafanya kazi bila intaneti, na kutafuta neno kunakwenda haraka. Siku za umeme kukatika, betri zote zinakwisha pamoja pambano likiwa katikati, kwa hiyo chapa. Usichape lote. Byuro za kopi za upande wa Kasapa zina mazoea ya kutoa kurasa chache kutoka PDF ukiwapa namba zake. Chukua ukurasa wa kanuni za kutoa uchawi, kamusi ya kanuni inayofuata sura ya uchawi, na maelezo ya Contresort, Dissipation de la magie, Champ antimagie, Globe d'invulnérabilité na Détection de la magie. Kata kila uchawi peke yake, ubandike kwenye katoni. Kukosa dadu ya pande 20 si kikwazo: toa karata za 1 mpaka 10 za rangi moja nyekundu na moja nyeusi. Nyekundu ni 1 mpaka 10, nyeusi unaongeza 10. Rudisha karata na uchanganye kabla ya kila kuvuta, la sivyo asilimia zote tulizotoa hapa hazina maana.

Anayetaka kutegua kuwe kazi yenye hesabu nzito zaidi aangalie toleo la pili la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, ambalo kanuni zake ziko bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Huko Dissipation yao ikitolewa kwa ngazi ya 3, ukifaulu inategua mpaka ya 4, ukifaulu kwa kishindo mpaka ya 6, na hata ukishindwa bado inategua mpaka ya 2. Inapendeza kwa sababu kushindwa si bure. Lakini Contresort yao ni kipaji cha kuchagua, na mwanzoni inakutaka uwe umeandaa uchawi uleule ambao adui anautoa, kwa hiyo kundi jipya linaweza kucheza miezi bila kuiona ikitumika.

Kasoro ya mwisho ya 5.2.1 ni kile ambacho hakimo. Kila kazi ya mhusika ina tawi moja tu, na la majisiani ni la mashambulizi. Tawi la kinga, ambalo kuanzia daraja la 10 linakuwa na Contresort na Dissipation tayari siku zote, linatoa Dissipation kwa tendo la ziada na kuongeza ustadi kwenye dadu yake, na linabaki na nafasi pale linaposhindwa kutegua, limo kwenye kitabu cha kununua cha 2024. Kama mchezaji wako ameamua kwamba kutegua ndiyo kazi yake mezani, faili la bure litamtosha mpaka daraja la 9, kisha mtachanga mnunue kitabu.